Daftari la Ukoo

Kazi hii nimepewa kwa sababu nina mwandiko mzuri
na sina mume wa kuniuliza nimechelewa wapi.
Andika ukoo wa Padri Damiano, wakasema,
Jubilei ni Septemba, kabla watu hawajaingia kwenye korosho.
Baba mkubwa Klementi akanunua daftari la kwaya tatu
akadai risiti.

Nimeanzia kanisani Lulindi, kwenye kitabu cha ubatizo.
Mchwa wameula mwaka arobaini na moja
kutokea pembeni, taratibu, kama wageni mezani,
wakabakiza katikati.
Jina lake lipo mara tatu, kila mara na herufi zake:
Nampawa. Nampaua. Nambaua.
Alikozaliwa: Ng'ambo ya Ruvuma.
Basi. Kana kwamba ng'ambo ni kijiji kimoja
chenye mjumbe wa nyumba kumi.

Hayo mengine tunayajua kwa mahubiri yake.
Alikimbia pamba ya Mreno, iliyolimwa kwa kiboko.
Alivuka kiangazi, mto ukimfika magotini,
na shoka, na chumvi ya kufunga kwenye jani,
na mdogo wake Tobia mgongoni.
Miaka thelathini madhabahuni
mto ule ukazidi kuongezeka kina.
Mara ya mwisho kumsikia, nina miaka saba,
maji yalikuwa kidevuni na mamba walikuwa wawili.
Baba mkubwa amesema mamba niwaandike.

Nikapanga kama inavyosomwa kanisani Noeli ikikaribia:
Damiano akamzaa Klementi,
Klementi akamzaa Silvanusi na ndugu zake,
Silvanusi yuko bandarini Mtwara, ana gari.
Nikapiga mistari kwa rula. Ilipendeza.

Nikampelekea Bibi Eufemia, mjane wa Padri.
Macho yamekwenda, vidole bado:
alikuwa anachagua mbaazi, mbovu huku, nzima huku,
hakukosea hata moja muda wote niliosoma.
Nilipomaliza akauliza,
"Huyo Klementi, Padri alimzaa kwa goti?"

Sikuwa na jibu.

"Babu yenu alikuja. Mimi nilikuwapo.
Mtoto kwetu ni wa mama, hilo hata askofu aliambiwa.
Nyumba aliijenga uani kwa mama yangu,
shamba alionyeshwa, mwisho ni pale kwenye mkorosho uliopinda.
Hata kaburi aliomba.
Aliomba vizuri, akapewa."

Akataja wanawake sita, mmoja baada ya mwingine,
akirudi nyuma hadi kwa aliyetembea kutoka Meto.
Hakuna hata mmoja aliyemo kwenye kitabu cha Lulindi.
Nikaandika upande wa pili wa karatasi, bila rula,
nikimuomba arudie, naye akirudia kwa hasira.

"Na Tobia?" nikauliza.
Tobia ndiye babu yangu mimi, mzaa baba.
Ndiyo maana kwenye vikao tunakaa karibu na mlango
na hakuna aliyewahi kutueleza kwa nini.

Mbaazi zikasimama.

"Hakuwa mdogo wake.
Alimkuta ukingoni, upande ule, amekaa na mama yake.
Mama alikuwa amekufa tangu jana yake.
Mtoto anamfukuzia nzi kwa jani.
Alipoulizwa wewe wa nani, akataja jina la mbuzi."

Upepo ukainua maganda, ukayapeleka kwenye kinu.

"Mtu hawezi kukaa bila ukoo, atazikwa na nani?
Mama yangu akamwekea ugali kwenye sahani yetu.
Akamwambia, kuanzia leo ukiulizwa, sema la kwetu.
Padri alijua. Mahubiri ni mahubiri."

Nimerudi nyumbani na kibatari, maana umeme umekatika.
Baba mkubwa ameshapiga simu mara mbili:
fundi wa kuchapa Masasi anataka ukurasa wa kwanza kesho asubuhi.
Nimeuchana ule wenye mistari.
Kina nimekirudisha magotini. Mamba nimewatoa.
Nimeandika: mwanamke mmoja, jina halijulikani,
alifia ukingo wa kusini wa Ruvuma.

Hapo ndipo nimefika.
Sijui kama watalipia uchapaji.