Mshazari

*Mshazari*, toleo la tatu, nakala mia mbili,
lilichapwa nyuma ya Mtaa wa Biashara.
Zamzam aliuza cherehani yake ya pili
alipe wino.
Wakamcheka: nani atanunua karatasi,
na mitindo imejaa kiganjani, bure?

Leo hapa Kibokoni binti yuaja na simu.
Gauni zuri, wallahi. Nikamwuliza: mgongoni je?
Akateleza kidole juu, chini, juu,
gauni likazama, yakaibuka mengine arubaini,
yote kifua mbele,
hakuna lenye mgongo.

Nikavuta jarida chini ya meza.
Ukurasa una matundu ya pini, una chaki,
una doa la kahawa ya tangawizi.
Zamzam alilipindua buibui ndani nje, ndipo akapiga picha:
upindo, kishikizo,
mshono uliofumuliwa ukashonwa tena.
Ukurasa kama leso, una pindo, una mji, una jina.

Na pembeni, kwa penseli, mkono wangu wa zamani:
Bi Mwanakombo. Bega kumi na tano.
Kiuno thelathini na nane. *Mkono usibane.*

Binti akasoma, akanyamaza.
"Huyu nyanya yangu."

Simu ikalia mkobani, hakuitazama.
"Nikatie hivi hivi," akasema.
"Mkono usibane."