Nyuma ya Risiti ya Ada

Niliiandika Dodoma, usiku wa mwisho wa mitihani,
nyuma ya risiti ya ada, maana daftari zilishafungwa begini
na Sikitu alikuwa kitandani kwake
akiipiga pasi sketi ya safari kwa kuikalia,
utadhani kwao Mtwara wanampokea kwa matarumbeta.

Kulala siku tatu, nisiamshwe na kiumbe.
Kula samaki wa kupaka mpaka nisahau
maharage ya kantini na wadudu wake waaminifu.
Kumfundisha Shukuru logi, kwa upole, bila rula.
Kukipaka chumba changu rangi ya binzari,
si ile kijani ya zahanati.
Kuomba field, hata ofisi ya kata,
hata pa kufungua mafaili na kuyafunga.
Na chini kabisa, wino ukikauka,
kwa herufi ambazo sisimizi angezisoma kwa miwani:
kumwambia baba habari ya saplementari.

Nilifika Yombo Vituka saa tano usiku,
bajaji imeniachia vumbi hadi kwenye nyusi.
Mama alifungua, kanga ya pili begani,
akanishika mashavu, akasema nimekonda,
kisha, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya bamia:
"Chumba chako kimepangwa. Fundi friji, mtu wa staha.
Kalipa mwaka mzima."

Mimi na karatasi yangu ya mipango
tukasimama koridoni kama wageni waliokosea nyumba.

Tangu lini?
"Tangu Machi."

Machi. Machi nililia kwenye simu,
nimezuiwa kufanya mtihani, laki nne pungufu,
na siku ya tatu hela ikaingia,
nami nikamshukuru Mungu, nikaushukuru na mtandao,
sikuuliza imeng'olewa ukuta gani.
Nikaigeuza karatasi chini ya taa ya uani.
Upande huu, rangi ya binzari.
Upande ule, muhuri wa benki, tarehe kumi na nne:
kodi ya chumba kilekile.

Sasa nalala sebuleni na Shukuru,
ambaye magoti yake yamekua kuliko akili.
Nasema hivyo kwa wivu; logi anazijua,
ananiuliza za takwimu, nageukia ukutani.
Haniamshi mtu. Yananiamsha mafuta,
saa kumi, mama anapomimina kitumbua cha kwanza,
kile cha kujaribia, kinachoungua upande mmoja,
ambacho siku hizi ni changu.

Fundi friji anaitwa Mbawala. Juzi alipiga hodi
akiwa ndani, sisi tuko nje,
akauliza: "Dada, hizi hesabu za mkaa juu ya kitanda,
nizifute, au bado unazihitaji?"
Nikasema aziache.
Akasema afadhali, maana kuna moja huisoma kila usiku,
haielewi hata chembe, ila inampa usingizi.

Baba hutoka lindo alfajiri, kule Kurasini kwenye makontena.
Nilimpelekea maji ya kunawa pamoja na habari yangu,
vyote viwili vuguvugu.
Akalegeza kamba za buti la kushoto.
"Somo gani?"
Takwimu.
"Wanarudia lini?"
Septemba.
Akahamia buti la kulia, fundo likamgomea,
nikapiga magoti nikalifungua mimi.
"Basi," akasema, "na likizo yako nayo imepangwa,"
akacheka peke yake, kwa pua, mpaka mama akachungulia
na mwiko mkononi, akiuliza kuna nini huko.

Risiti ninayo bado. Rangi ya binzari nimeikata mstari.
Kwenye logi nimechezea kitenzi tu:
kufundishwa na Shukuru.
Siku tatu za kulala sijazigusa.
Nani ajuaye. Labda Jumapili,
mafuta yakipanda bei.