Bonyeza Ukisikia

Fargo, Februari. Maili tisini za barafu,
na bahasha ya kahawia kwenye kiti cha pembeni
nimeifunga mkanda kama abiria.
Ndani mna barua yao ya kwanza: madai yamekataliwa.
Mlio wa masikio, waliandika, huenda ni wa trekta.
Huenda.
Kineno hicho kimenila miaka minne.

Goti lilikuwa wiki jana, kwa daktari mwingine,
aliyepima mkunjo wake kwa rula ya plastiki
akasema "inatosha" kabla sijasema "inauma".
Leo ni masikio tu.

Binti wa vipimo anaitwa Marit. Nakisia alizaliwa
vita vyangu vilipokwisha kusahaulika.
Ananiingiza katika kijumba cha kuta za sponji,
mlango mzito kama wa jokofu la bucha.
Kidirishani naona mdomo wake, sauti yaja kwa waya:
"Bwana Haugen, bonyeza ukisikia."

Nisikie nini, mwanangu?
Humu mna mlio tangu jangwani,
tangu usiku ule mimi na Tollefson tulipopokezana makombora
kama wachukuzi wa magunia,
vizibo vya masikio vimelala mfukoni
maana aliyeziba masikio hasikii amri.
Mlio mwembamba, wa birika lisiloepuliwa.
Nalala nao. Verna huniita mara tatu,
ya nne hugonga meza kwa kijiko.

Basi nibonyeze sasa? Nibonyeze siku zote?
Nikishikilia kitufe ataandika nadanganya,
nikikiachia ataandika mzima.

Sikio la kufa halisikii dawa.
Langu halijafa, ndiyo taabu yake.
Lingekufa ningepata usingizi,
na pengine asilimia kumi.

Pii.
Au si pii.
Nabonyeza, bila hakika
kama imelia mashine au nimelia mimi.

"Sema neno: nyumba."
Nyundo.
"Sema neno: amri."
Hilo nalisema sawasawa.
"Sema neno: mkate."
Mkate, nasema, na kwa kweli nina njaa.

Mlango umefunguliwa, sijui tangu lini.
Marit amesimama mbele yangu, ananigusa bega,
na kidole gumba changu bado kiko juu ya kitufe.
Anauliza, taratibu, uso kwa uso, ulianza lini.
Namweleza. Anaandika kwa muda mrefu kuliko nilivyosema.
Sithubutu kuchungulia karatasi.
"Watakutumia barua," anasema,
nami nayasoma hayo midomoni mwake.

Maili tisini tena, gizani.
Sanduku la barua limezama theluji hadi shingoni;
nashuka, nalifukua kwa mikono,
ingawa najua hakuna kitu leo.

Verna yuko mlangoni na taa nyuma yake.
Ananiuliza jambo.

Eh?