Saa Sita

Baba aliuliza, mbele ya rubani mna nini.
Nikamjibu: saa sita.
Akatazama ukutani, kwenye zile saa za wateja
zisizokubaliana hata siku moja,
akasema, "Bado, Saumu. Saa nne na robo."

Nikacheka, nikamchorea nyuma ya bahasha,
pale kibandani, barabara ya kumi na tatu, Ngamiani:
duara tatu juu, duara tatu chini.
Akavaa lenzi yake jichoni
kana kwamba mtu ameleta kazi.

Hii ya kushoto ni ya mwendo.
Haiijui Pongwe, haiijui Muheza;
yajua upepo tu,
unaoingia kwenye kibomba chembamba chini ya bawa.
Utepe wa kijani, ruka. Wa manjano, shika adabu.
Mstari mwekundu sijaufikia;
Kapteni Shemdoe asema anayeufikia
huenda asipate wa kumsimulia.

Hii ya kati ni mbingu nusu, ardhi nusu,
na kindege kisichohama.
Kinachoinama ni dunia.
"Huisimamisha nini?"
"Mna pia."
"Pia na nini?"
"Pia, baba! Ile ya watoto, ya kamba,
ikizunguka haitaki kuanguka."

Hii ya kimo ina akrabu kama zako,
ndefu ya mamia, fupi ya maelfu.
Hupima uzito wa hewa, na hewa ya Tanga
haiamki na uzito mmoja kila siku.
Mnara hunitajia namba, nami nazungusha kitufe;
nisipozungusha, itaniapia niko juu ya mikonge
nami nimo ndani yake.
Hapo baba akatabasamu:
"Kumbe nayo hutiwa majira."

Chini kushoto, ya kugeuka.
Ina kigololi ndani ya mrija uliopinda,
shemeji yake pima maji ya mwashi.
Kikikimbilia kulia, kanyaga kulia.
Kushoto, kushoto. Basi.

Katikati, ya uelekeo. Nayo ina pia, na pia hii hupotea
taratibu, bila kuaga.
Kila robo saa naisahihisha kwa dira,
ila dira usiiulize neno ukiwa unapinda.

Ya sita hueleza kupanda na kushuka,
nayo huchelewa. Hukuletea habari iliyokwisha poa.
Ukiufukuza mshale wake
ndege itaruka kama ina kwikwi.

Sikumweleza baba kuhusu kofia ya pazia,
jinsi Kapteni alivyonifunika nisione nje,
tukiwa upande wa Amani,
na mwili wangu ukala kiapo kuwa tunalalia kushoto.
Masikio mawili, mashahidi wa damu yangu,
dhidi ya vioo.
Kioo cha kati: sawa. Cha uelekeo: sawa. Kigololi kimetulia.
Nikawahukumu masikio yangu
huku jasho likinitiririka hadi kwenye soksi.

"Na ikidanganya?" akauliza.

Nikatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa.
Jumanne, baba, baada ya zile siku tatu za mvua.
Injini imejaa sauti, majani ya kando yanakimbia,
mshale wa mwendo umelala kwenye sifuri.
Majani yasema kasi, mshale wasema tumesimama.
Nikakata moto, nikashika breki.
Kapteni hakufoka. Alishuka, akachungulia kibomba,
akachokoa kwa kijiti, akanitia kiganjani
nyumba ya dondora.
"Asubuhi ulikikagua?" Nilikipita tu kwa macho.

Baba akakiweka kile kidonge cha udongo chini ya lenzi.
Akakaa nacho muda mrefu,
mteja akaja, akasubiri, akaondoka.
"Chombo hakina uongo," akasema. "Kina uchafu."
Akakitia kwenye droo, pamoja na skrubu
za saa zilizokosa wenyewe.

"Kesho unaruka saa ngapi?"
"Saa sita."
Safari hii hakutazama ukutani.