Mnyororo Ulipokatika

Miaka thelathini na moja naishi Tanga,
barabara ya kumi na nne naipita tu,
kichwa chini, kengele mbele,
hadi juzi mnyororo wa baiskeli ulipokatika
nyuma ya duka la Hemedi, muuza misumari.

Kichochoro. Sijapata kukiona.
Maji ya kufulia, paka wawili,
halafu harufu: hiliki, tui, moto wa vifuu.

"Kaa kigoda hicho. Mguu mmoja mbovu, uangalie."
Bi Mwanakheri hana kibao wala jina ukutani.
Ana sufuria, makaa chini, makaa juu,
na mkate wa kumimina uliovimba
kama shavu la mtoto aliyenuna.

Nikauma.
Nikaacha kutafuna.
Ladha hii naijua:
ni ya Ijumaa, ni ya nyumbani Mwanzange,
ni mkate wa mama, ambao hakuna jirani
aliyewahi kupewa kipimo chake.

"Mama yako nani?"
"Marehemu Bi Saumu, mke wa fundi saa."
Akacheka mpaka kanga ikamwanguka begani.
"Saumu! Akiingilia mlango wa uani,
mkate chini ya buibui,
na kiapo nisiseme."

Mama, umeumbuka.
Nimekula vipande vitatu kwa niaba yako,
cha nne nimekifunga gazetini.
Baiskeli nimeikokota kwa miguu, polepole,
nachungulia kila uchochoro,
maana sasa najiuliza
ule mchuzi wako wa papa
ulitokea mlango gani.