Mengineyo

Kikao cha kata, Buza, kina ajenda tisa.
Kufungua. Kusoma muhtasari. Yatokanayo.
Mtaro wa sokoni, taka, ulinzi shirikishi,
taa ya barabarani iliyokufa tangu masika,
na mwisho kabisa, namba tisa: Mengineyo.

Sisi ndio mengineyo.

Tumo humo na mbwa wanaozurura
na mchango wa msiba wa mjumbe.
Mpaka tufikiwe soda zimekwisha,
watu wanatazama saa,
Mtendaji keshafunika kalamu.
Mengineyo ni neno la kiungwana.
Maana yake: yasiyo na mwenyewe.

Shirika letu ni chumba nyuma ya duka la vipuri,
meza mbili, feni inayozunguka ikipenda,
mimi, Bupe, na Bi Siwema, mkunga mstaafu
ambaye hata chai hainywi kabla ya kunawa hadi viwiko.
Gari lenye nembo hatuna.
Tuna daftari.

Siku sitini na moja tulikaa benchi la zahanati
tukihesabu wanaoishia mlangoni.
Ukutani pana karatasi, kalamu ya bluu, herufi kubwa:

UZAZI WA MPANGO
NJOO
NA MUMEO

Nani kaiandika? Muuguzi aliikuta.
Mganga aliikuta. Mfagiaji, mkongwe wa pale, aliikuta.
Haina saini, haina muhuri, haina tarehe,
na hakuna sheria tuliyoiona inayosema hivyo,
lakini inatii watu kuliko waraka.

Wanawake mia moja arobaini na wawili.
Mmoja, mume yuko machimboni tangu mfungo.
Mmoja hana mume, na hataki kuazima.
Mmoja alimleta shemeji. Akahudumiwa!
(Hapo Bupe alicheka mpaka akalia,
kisha akalia tu.)
Na Havintishi, mama wa watoto saba,
alirudishwa mara nne.
Mara ya tano alikuja dirisha la pili,
la wajawazito.

Hilo jina sikulitaja kikaoni.
Nilitaja namba.

Alhamisi, saa tisa kasoro, tukafikiwa.
Diwani akakohoa kwa adabu:
"Mama, mambo ya chumbani haya, tusiyaanike."
Nikasema, Mheshimiwa, aliyeyaanika si mimi.
Yamebandikwa ukutani kwa gundi, usawa wa macho.
Sisi tunaomba yarudi chumbani:
karatasi ishuke, pazia lipande,
na sindano isikae miezi miwili bila kuletwa.

Mmoja akacheka. Wa pili akamfuata.
Kisha Restituta, mwandishi wa muhtasari,
ambaye miaka sita hajasema neno mle ndani
kwa kuwa kazi yake ni ya wengine kusema,
akalaza kalamu juu ya meza.

"Na mimi nilirudishwa," akasema. "Mwaka juzi.
Niandike, au nisiandike?"

Nje bodaboda ilipita.
Mjumbe mmoja akaanza kukagua kifuniko cha chupa.
Diwani akafungua mdomo, akaufunga,
kama mtu aliyeingia nyumba siyo.
Hakuna aliyejibu.
Basi akaokota kalamu, akaandika,
na tulisikia ikikwaruza.

Hatukushinda. Imeahirishwa.
Ila kikao kijacho hatumo tena kwa mbwa:
tuko namba nne, baada ya mtaro.
Bi Siwema anasema hapo ni mahali pazuri,
soda zinakuwa bado baridi.

Jumatatu nilipita zahanati.
Pazia hakuna. Karatasi ipo,
ila chini imechanwa, chapuchapu,
na mtu ambaye hakuwa na mkasi:

UZAZI WA MPANGO
NJOO

Sikuuliza ni nani.
Muuguzi alikuwa anapanga kadi, hakuinua macho.
Nilikaa kwenye benchi, nikafungua ukurasa mpya,
nikaandika tarehe.