Karani wa Mizani

Niliibeba toka Matungu ndani ya sweta la shule la mwanangu,
nimeipakata kama yai la bata mzinga:
diski ya ofisi ya mizani, ndogo kuliko kipande cha sabuni,
na ndani yake miwa ya wakulima mia sita na kumi na wawili.

Kiwanda kimefungwa. Dohani halijatoa moshi tangu mwaka juzi,
magugu yameota hadi pale trekta zilipopandia kupimwa.
Makaratasi yaliliwa na mchwa, mengine yakafungia maandazi.
Wakili akasema: bila tarakimu hamna deni,
bila deni hamna kesi.
Ndipo wote wakanigeukia mimi.

Kondele, ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro.
"Ililiaje?" Achola akauliza.
Tka. Tka. Tka. Kisha kimya.
"Ukaiwasha tena mara ngapi?"
Mara mbili, nikasema.
Akanitazama.
Saba.

"Kichwa kinachosoma kimeangukia sahani.
Kila ulipoiwasha ulikuwa unaparuza maandishi,
kama anayebandua kigaga aone kama kidonda kimepona."

Sikujua kuwa hamu nayo ina kucha.

Akafungua skrubu ndogo kama mbegu za mchicha
ndani ya sanduku la kioo, pumzi yake nyuma ya barakoa;
chembe moja ya vumbi humo, alisema, ni jabali barabarani.
Akaazima kichwa cha diski nyingine, maiti ya aina ile ile,
akakipandikiza, kisha akaiagiza mashine:
nakili polepole, penye ugumu ruka, utarudi.

Siku tatu. Nililala kwa binamu yangu Manyatta,
nikila omena, nikizungumza na dari.
Usiku umeme ulipopotea nilikimbia kwa miguu hadi Kondele
nikakuta betri zinakoroma, naye kalala mezani.

Siku ya nne akaniita kwenye kioo.
Themanini na moja kwa mia. Majina ya faili yamekufa,
miili ipo; njoo uitambue.
Nikaitambua.
Rasoa Khasandi, trela nne, Agosti.
Zablon Omurunga, trela moja, ilipinduka njiani, nusu.
Marehemu Ainea Wesa, aliyezikwa akidai, tani thelathini na tatu.
Juni nzima haikurudi. Alama za kuuliza tupu, ukurasa baada ya ukurasa,
na Juni ndiyo waliyovuna kina Makokha.

"Na hii," akasema, "ulikuwa umeifuta.
Kufuta si kuchoma. Kompyuta husahau njia ya chumbani,
chumba kinabaki."
Akaifungua. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Safu mbili. Kushoto, uzito kama mizani ilivyosema.
Kulia, uzito nilioandika kwenye risiti.

Miaka tisa. Kilo mia mbili kwa trela,
mia tatu muhula ulipofunguliwa.
Meneja alichukua fungu, mimi makombo,
na niliweka hesabu kwa sababu sikumwamini meneja.
Za mwizi ni arobaini, husemwa.
Hakuna aliyeniambia huwa zinahifadhiwa wapi.

Achola hakuuliza kitu. Alifuta miwani kwa ncha ya blauzi,
akatoa flashi mbili, nyekundu na nyeusi.
"Umelipia diski nzima. Nikuwekee zipi?"

Chini, mwenye magodoro alikuwa anapiga godoro kutoa vumbi.
Nilifungua mdomo. Tka.
Nikajaribu tena.

"Zote. Kwenye moja.
Safu ya kushoto ndiyo wanayodai."

Jina langu lilikuwa chini ya kila ukurasa,
halikupoteza hata herufi.

Nikaifunga flashi ndani ya lile sweta,
ingawa flashi haivunjiki ovyo;
sweta la kijani, kiwiko kimeshaanza kutoboka,
lililonunuliwa kwa kilo za Rasoa.